Mama Mkwe Aliyezikwa Alhamisi

Wangechi hakupenda ushuhuda wa hewa. Alisema hivyo kila Alhamisi asubuhi, amesimama katika chumba cha juu cha hoteli iliyo nyuma ya stendi, huku wanachama wa kikundi cha Inuana wakimalizia chai na mandazi.

"Ukisema tu huyu ni mtu mzuri, umetupatia nini?" aliuliza. "Watu wazuri wamejaa Machakos, na wengine hawajui kazi. Sema shida yako ilikuwa gani, mwenzako alifanya nini, na mwisho wake ukawa aje. Hapo ndiyo mtu atatoa simu aandike namba."

Wanachama waliitikia kwa vichwa. Kanuni ya Inuana ilikuwa kazi moja, kiti kimoja: fundi bomba mmoja, mwenye duka la dawa mmoja, fundi cherehani mmoja. Mwanachama alinunua kwa mwenzake, kisha akasimama mbele ya wote na kumshuhudia. Wengi wao walikuwa watu wa kanisa na ushuhuda walikuwa wameuzoea huko, kwa hiyo haikupita wiki bila mtu kusimama na kuanza kwa "Bwana asifiwe", halafu akajishika mdomo na wenzake wakamcheka.

Kisilu hakuwa na hamu ya kucheka. Yeye ndiye aliyekuwa na kiti cha fundi cherehani, na alikikalia kwa upande. Tangu ajiunge hakuna aliyewahi kumshuhudia, maana wateja wake walikuwa akina mama wa Katoloni waliomletea zipu zilizokufa. Musili, mwenye mashine ya kudarizi inayoendeshwa na kompyuta, alikuwa ameshakiulizia kile kiti. Na mkabala na Kisilu aliketi Madam Mutindi, mwenye shule ya watoto wadogo kwenye barabara ya Kangundo, ambaye mwezi huo angechagua fundi wa kushona sare zote za mwaka unaokuja. Mutindi hakuwa mtu wa kusoma matangazo. Alisikiliza watu wakishuhudiana, kisha akaamua.

Kisilu aliitaka kazi ile mpaka ikawa inamkosesha hamu ya chakula. Akiipata, duka lingebaki wazi. Akiikosa, angerudi kushonea mtu mwingine kwenye baraza la mtu mwingine, naye umri wake wa kutumwa uzi ulikuwa umepita. Ndiyo maana asubuhi hiyo, Gatimu alipomshika mkono kwenye ngazi, hakuuondoa.

Gatimu alikuwa mtu wa mazishi. Alikuja Machakos kutoka Murang'a kuuza viazi, akaishia kuuza majeneza na kukodisha mahema. "Ni nipe nikupe tu, Kisilu," alinong'ona. "Mimi nikusimamie, wewe unisimamie. Nani ataumia?"

Gatimu akasimama wa kwanza. Alisema Kisilu aliwashonea vijana wake makoti ya kubebea jeneza. Hakukuwa na makoti. Wangechi alipouliza makoti hayo yalisaidia nini, Gatimu, mtu aliyekula chumvi nyingi sokoni, hakubabaika. "Watu waliacha kuwauliza kama ni makanga wa matatu," alisema. Chumba kizima kikacheka, na Mutindi akaandika kitu kwenye simu yake.

Deni likawa limeshuka juu ya kichwa cha Kisilu. Alisimama, akafuta viganja kwenye suruali. "Gatimu alinisaidia wakati wa msiba," alisema. "Ni mtu mzuri."

"Hewa hiyo, Kisilu," Wangechi alisema kwa upole. "Msiba wa nani?"

Wazazi wake walikuwa wamekufa zamani, kabla Gatimu hajauza hata ubao mmoja, na fundi bomba aliyeketi pale alikuwepo kwenye mazishi yao. Mutindi alikuwa ameinua macho kutoka kwenye simu. Kisilu alilitafuta jina moja, jina lolote, na lililokuja ndilo lililokuwa karibu.

"Wa mama mkwe," alisema.

"Woi, pole. Hatukujua. Na Gatimu alifanya nini hasa?"

Hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo Kisilu mwenyewe hakulielewa. Maneno yalikuja yamejipanga. Alieleza jinsi barabara ya Kivaa ilivyokuwa matope matupu na jinsi gari la Gatimu lilivyofika mapema bila kusukumwa na mtu. Alieleza hema lisilo na tundu hata moja, na akina mama wazee wa kijiji waliopewa viti kabla ya wanasiasa. Jeneza lilikuwa la mvule, la rangi ya kahawa iliyoiva, lenye vishikio vya shaba. Vijana walilishusha bila kupigiana kelele. "Mke wangu, mama Kasiva, hakuulizwa kitu na mtu yeyote," alisema, na sauti yake ikatetemeka kweli. "Hakutafuta kiberiti, hakutafuta sufuria. Alipata nafasi ya kumlilia mama yake."

Mwenye duka la dawa alikuwa akijifuta macho. Watu watatu walitoa simu wakaandika namba ya Gatimu. Wangechi alivuta pumzi ndefu, akasema, "Huo ndio ushuhuda." Kisha akageuka akawatazama wanachama wake kwa ukali. "Na sisi tumekula mandazi na huyu mtu miezi yote hii hatujaenda kumpa bibi yake pole. Hiyo ni aibu. Jumapili tukitoka kanisa, tunaenda kwake."

* * *

Marehemu alikuwa uani, ameketi kwenye kigoda, anachambua ndengu kwa mkono mmoja.

Jina lake Syokau. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umelala mapajani tangu kiharusi cha mwaka uliopita. Aliletwa kutoka Kivaa hajitambui, daktari akawaambia jamaa wajiandae. Kisha asubuhi moja akafumbua macho na kuuliza nani amewafungulia mbuzi wake. Tangu hapo aliishi Machakos ili awe karibu na kliniki. Hakulala nyumbani kwa mkwe, jambo hilo lisingewezekana. Walimkodishia chumba kilichopakana na duka katika ploti ileile waliyopanga, chenye mlango wake, na mjukuu wake Kasiva akawa anampelekea sahani huko. Yeye na Kisilu hawakula pamoja, hawakutazamana usoni, na zaidi ya salamu hawakuambiana neno moja kwa moja. Hiyo ndiyo nthoni, heshima ya ukwe, na wote wawili waliishika bila kinyongo. Syokau akiwa na neno kwa mkwewe, alilisema hewani.

"Kuna mtu amerudi mapema leo," alisema akiutazama ungo. "Sijui kama amekula."

"Nimekula, Mama," Kisilu alisema akiutazama mlango.

Hakuwa amekula. Aliingia dukani, akaketi kwenye cherehani akaikanyaga bila kitambaa, sindano ikipanda na kushuka bure. Alisimama, akatoka nje, akarudi. Aliipanga mikasi, akaipangua.

Ijumaa alimpigia Wangechi. "Madam, msijisumbue kuja. Sisi tumeshapoa."

"Watu wanapoa nje, Kisilu. Ndani bado," Wangechi alisema. "Usione haya. Hatuji kula kwako, tunabeba vitu vyetu. Hata Gatimu ametoa gari."

"Gari gani?"

"Ile ingine. Si ya maiti."

Gatimu alitoa gari kwa moyo safi, au tuseme safi kiasi chake. Mwaka uliopita Kisilu alikuwa amefika kwake kuuliza bei ya mazishi ya mama mkwe, kisha hakurudi tena. Gatimu alidhani mama yule alikufa akazikwa na mwenzake wa kule Masinga aliyepunguza bei. Kwa hesabu yake uongo wa Alhamisi ulihusu nani aliyezika, wala si nani aliyekufa, na uongo wa namna hiyo katika biashara yake haukumnyima mtu usingizi.

Jioni Kisilu alimwambia mkewe, "Naona Mama aende kwa dada yake Kangundo Jumapili. Amekaa hapa sana, amechoka."

Nzilani aliacha kukata sukuma wiki. "Na kliniki ya Jumatatu?"

"Atarudi jioni. Kuna jirani anaenda huko na gari."

"Tangu lini wewe ukajua mama yangu amechoka?"

Kisilu akasema anakwenda kuangalia kama duka limefungwa. Lilikuwa limefungwa, naye alijua.

* * *

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Kisilu iliishia sokoni, mbele ya fungu la nyanya. Jumamosi alasiri mke wa fundi bomba alimwona Nzilani, akaweka kikapu chini, akamshika mikono yote miwili.

"Pole kwa mama," alisema. "Tutakuja kesho. Mzee wangu alivyonisimulia hayo mazishi, hata mimi nimelia."

"Mama yupi?"

"Si mama yako. Woi, bado hujakubali. Ni kawaida, mimi pia ilinichukua muda."

Nzilani alisimama pale akasimuliwa mazishi ya mama yake kuanzia matope mpaka vishikio. Watu wawili waliokuwa wakichagua vitunguu wakasogea na kumpa pole wao pia. Aliitikia. Hakujua afanye nini kingine, na muuza nyanya akamwongezea nyanya mbili juu ya fungu kwa kumhurumia.

Alipofika nyumbani alifunga mlango wa duka kwa ndani. Nje bado kulikuwa na mwanga.

"Mama yangu alikufa lini?" aliuliza.

Mguu wa Kisilu ulitulia juu ya pedeli. "Nani amekuambia?"

"Hiyo sijauliza. Nauliza alikufa lini, nijue nimechelewa kulia kiasi gani."

Akamweleza. Alianza na Gatimu kwenye ngazi, akaenda kwa Wangechi na maswali yake, akamalizia kwa kusema yalikuwa maneno tu, hayakuua mtu.

"Mtu akiwa hai hafukiwi hata kwa maneno," Nzilani alisema. "Huko ni kumwitia kifo. Si ungemzika baba yako mara ya pili?"

"Fundi bomba alikuwa kwa mazishi ya baba."

"Basi ungejizika wewe."

"Kazi ya Mutindi ikienda, hili duka tunafunga. Unajua."

"Najua. Si mimi ndiye huongea na mwenye ploti akija, wewe ukiwa umejificha huko nyuma na vitambaa?"

Hilo lilimpata. Alitazama chini, akaokota uzi sakafuni, akauviringa kidoleni.

"Sasa kesho mimi nifanye nini?" Nzilani aliuliza. "Nijifunge leso nianguke chini?"

"Ukae tu. Usiseme kitu. Mama atakuwa Kangundo, wataomba, wakunywe chai, waende. Ni saa moja tu, mama Kasiva. Saa moja na tunapata kazi ya mwaka mzima."

"Na hayo mambo ya sanduku uliyatoa wapi? Yule mama ananiambia mpaka rangi. Mtu hawezi kutunga vishikio vya shaba akiwa amesimama."

Kisilu aliuvuta ule uzi mpaka ukakatika. "Nilienda kuuliza bei," alisema mwishowe.

"Lini?"

"Daktari aliposema tujiandae. Wewe ulikuwa unalala kwa kiti huko wodini. Nilisema kama ni kuzikwa, azikwe vizuri, nisikuaibishe mbele ya ndugu zako. Nilizunguka kwa Gatimu nikachagua kila kitu. Pesa sikuwa nazo, lakini nilichagua. Halafu akaamka, nikashukuru Mungu, nikanyamaza. Ningekuambiaje?"

Nzilani aliketi juu ya robota la vitambaa. Alitaka kumpiga kofi, na alitaka kumshika mkono, na kwa kuwa yote mawili yalikuja pamoja hakufanya lolote. "Enda umwambie mwenyewe," alisema. "Kabla hajasikia nje."

"Nimwambie nini? Ni mama mkwe."

Na hilo nalo lilikuwa kweli. Hakuna mlango ambao neno kama hilo lingepitia kutoka kwa mkwe kwenda kwa mama wa mkewe. Wakaketi pale wawili hao, kila mmoja akimngoja mwenzake.

Kuta za ploti ile hazikufika juu. Ziliishia chini ya mabati, na sauti zilipita upande wa pili bila kubisha hodi. Syokau alikuwa amelala chali kitandani, na alikuwa amesikia yote. Alikasirika mpaka mkono uliokufa ukamuuma. Alijiuliza amekosea nini hata azikwe hotelini na watu wanaokula mandazi. Kisha, bila kutaka, akajikuta anawaza kuhusu vile vishikio. Marehemu mumewe alizikwa katika mbao za masanduku ya chai. Alipogeukia ukutani alikuwa ameamua kwamba Kangundo haendi.

* * *

"Kuna mtu haendi mahali leo," Syokau alisema Jumapili asubuhi, akiliambia birika la chai. "Mguu unauma."

Nzilani alimtazama mama yake na mara moja akajua kwamba anajua. Kisilu alimfuata jirani mwenye gari, akamwomba aje amsihi mama, jirani akasema yeye hasihi mama za watu. Mchana ulipofika Kisilu alikuwa amefagia duka mara kadhaa na kuweka viti, akaviondoa, akavirudisha. Alimwomba Nzilani angalau amshawishi Mama abaki chumbani kwake.

"Mshawishi wewe," Nzilani alisema.

Gari la Gatimu liliposimama nje, Syokau alikuwa tayari ameketi dukani, kwenye kiti kizuri karibu na cherehani. Alikuwa amevaa rinda lake la bluu la kwendea kanisani, lenye vifungo vikubwa vyeupe ubavuni, na kitambaa kichwani. Kisilu alitaka kukimbia. Wageni walikuwa wameshafika mlangoni.

Waliingia wakiinama: Wangechi mbele, Mutindi, fundi bomba na mkewe wakibeba unga na sukari, Gatimu nyuma akiwa amevua kofia. Walimpa Nzilani mkono mmoja mmoja. Wangechi aliomba, akamshukuru Mungu kwa maisha ya mama aliyetangulia, na Nzilani akafumba macho kwa nguvu asije akamtazama mtu. Baada ya amina, Wangechi aliweka bahasha juu ya meza ya kukatia na kumgeukia yule mzee.

"Na huyu mama ni wa wapi?"

Kisilu alisogeza kiti kisichohitaji kusogezwa.

"Mimi ni wa Kivaa," Syokau alisema. "Huyo mnamlilia namjua tangu azaliwe."

"Woi. Basi pole hata wewe."

"Asante. Lakini mazishi mimi sikuona." Alisema hayo taratibu, mkono wake mzima ukiukanda ule mwingine. "Nasikia kuna mtu hapa anajua kuyasema vizuri. Hata mimi nataka kusikia vile alizikwa."

Wangechi alifurahi. Aliona ni jambo jema, mzee apate faraja, na pia alipenda mwanafunzi wake bora asikike mbele ya Mutindi kwa mara ya pili. "Kisilu, simama," alisema. "Kama ile siku. Shida, alichofanya Gatimu, na mwisho wake."

Nzilani alikuwa ameshika birika na hakumimina. Kisilu alisimama, akaweka macho kwenye kalenda iliyokuwa ukutani.

"Barabara ya Kivaa ilikuwa na matope..."

"Mwezi gani?" Syokau aliuliza.

"Wa nne."

"Mwezi wa nne Kivaa hakukunyesha hata tone. Mahindi yetu yote yalikauka. Lakini endelea."

Fundi bomba alikohoa. Kisilu alisema gari lilifika mapema. Alisema hema lilikuwa zima. Kila neno lililotoka Alhamisi kama maji sasa lilitoka kwa kusukumwa. Hakuwahi katika maisha yake kuongea maneno mengi kiasi hicho mbele ya mama huyu, na yote yalikuwa ya kaburi lake.

"Sanduku lilikuwa la mti gani?"

"Mvule."

"Mti mzuri," Syokau alisema. "Na ndani alivaa nini?"

Kisilu alikuwa amechagua mbao, vishikio, viti na hema. Nguo hakuwa ameifikiria, yeye ambaye ni fundi. Alitafuta jibu kwenye kalenda, hakulipata, na alipokuwa akilitafuta macho yake yaliteleza yakamfikia yule mama. Akamtazama usoni. Hakupata kumtazama hivyo tangu siku ya mahari. Alikuwa amekonda kuliko alivyodhani, na midomo yake ilikuwa inatetemeka.

"Rinda la bluu," Kisilu alisema. "Lenye vifungo vyeupe ubavuni."

Vichwa vyote vikageuka kwenye kile kiti, vikaona rinda la bluu na vifungo vyeupe. Mke wa fundi bomba akajishika kifua.

"Huyu ndiye mama mkwe wangu," Kisilu alisema. "Hajafa. Gatimu hajanizikia mtu, na mimi sijamshonea Gatimu hata kifungo. Nilitaka ile kazi ya shule. Mama, nimekukosea. Mnisamehe."

Wangechi ndiye aliyesema wa kwanza, na hakupaza sauti. "Kuna familia imempigia Gatimu jana kwa sababu ya maneno yako," alisema. "Wana maiti ya kweli hao. Wakiniuliza mimi nitawaambia nini?" Alichukua bahasha mezani akairudisha mkobani, akaufunga zipu. "Alhamisi usije, Kisilu. Kiti nitampatia Musili. Na wewe Gatimu, tutaongea tukifika."

Gatimu aliizungusha kofia mikononi. "Lakini, Mama," alisema kwa mashaka, "mimi nashukuru Mungu uko."

"Usimshukuru sana," Syokau alisema. "Utakosa kazi."

Hakuna aliyecheka isipokuwa fundi bomba, naye akageuza kuwa kikohozi. Mkewe alikuwa ameinua unga na sukari, akaviweka chini, akaviinua tena; hakujua kama pole hurudishwa. Nzilani akamwokoa, akamwambia abebe tu, hakuna ubaya. Alijua sokoni watalisema jambo hili mpaka mvua ije. Aibu ilimchoma, na bado kifuani kulikuwa kumeingia hewa kwa mara ya kwanza tangu jana.

Mutindi alikuwa ameshashika mlango.

"Wewe mwenye shule," Syokau alisema. "Kaa kidogo. Wamesema watu wote hapa na mimi sijasema."

Mutindi alisita, akarudi. Na wengine kwa heshima ya umri wakasimama walipokuwa.

"Shida yangu," Syokau alisema. "Nilitoka hospitali na mkono mmoja. Nguo zangu zote zilikuwa za kupitishia kichwani. Huyu msichana wangu akawa ananivalisha asubuhi, mimi niliyemvalisha yeye. Siku zingine nilikaa na nguo ya kulala mpaka jua iko juu, kwa sababu yeye yuko na kazi na mimi sitaki kuita." Alipumzika kidogo. "Vile alifanya. Huyu hawezi kunipima, mnajua. Tepu yake haiwezi kunizunguka. Aliangalia rinda yangu ya zamani ikiwa kwa kamba ya nguo, na akaangalia vile natembea nikienda bafu. Mimi sikujua anaangalia. Akashona hii. Inafunguka ubavu wote, na inafungwa na mkono mmoja. Hakuniletea. Niliikuta tu imetundikwa kwa mlango yangu."

Kisilu alikuwa ameegemea cherehani, uso ameugeuzia ukutani.

"Mwisho wake," Syokau alisema, "tangu hiyo siku hakuna mtu amenivalisha. Ni hayo tu."

Mutindi alimkaribia, akaomba ruhusa kwa macho, akaugeuza upindo wa rinda na kuukagua mshono kwa ndani, akaufuata kwa kidole mpaka kiunoni. "Imefuliwa mara ngapi?"

"Kila wiki. Mwaka mzima."

"Sitakudanganya, Susu," Mutindi alisema, akimwita kwa Kikamba kama mjukuu wake. "Mtu aliyesema vile Alhamisi, naogopa kumpa watoto wangu. Nitaongea na Musili pia."

"Ongea na yeye. Uulize amevalisha nani."

Mutindi alitazama vifungo mara nyingine, akatoka. Gari la Gatimu likawaka, likaondoka, na vumbi lake likaingia dukani na kutua juu ya meza ambayo bahasha ilikuwa.

Nzilani alikusanya vikombe. Vingi vilikuwa vimejaa. Alimtazama mumewe, akamtazama mama yake, akaona afadhali aende navyo nje akavioshe. Kisilu alibaki amesimama. Alipaswa kutoka, mkwe hakai chumba kimoja na mama mkwe peke yao, lakini kiti cha Syokau kilikuwa kati yake na mlango na hakuona jinsi ya kupita.

"Baba Kasiva," Syokau alisema. Hakulisema hewani. Alimwita yeye.

"Mama."

"Siku yangu ikifika, usisimame mbele ya watu kusema. Nzilani atasema. Wewe nishonee tu."

Kisilu alitikisa kichwa kukubali. Alitaka kuomba msamaha tena, akaona maneno yake yametosha kwa wiki moja. Lililobaki ndani yake lilikuwa swali la kazi, akaliuliza.

"Vifungo niweke upande gani?"

Syokau aliupapasa ubavu wa rinda kwa mkono wake mzima, kifungo kimoja baada ya kingine, mpaka cha mwisho.

"Upande huu huu," alisema. "Nimezoea kuvaa mwenyewe."